Geti la hewa na mzee wetu wa zamu

(Maneno ya kamati ya karakana mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, juu wanachama walio mbali na wafadhili wetu waliomba kuyasoma.)



Tunajua swali mlilokuja nalo. Tumelisikia kwenye kinu, tumelisikia sokoni, na mama mmoja alituuliza mbele ya kanisa bila hata kusalimia: "Kuna watu bado wanalala chini ya turubai, na ninyi muko mnatengeneza geti la kujifungua lenyewe kama la bwana mkubwa?" Swali ni la haki. Tutalijibu, lakini mtuache tuanze na mtu, siyo na mashine.

Mzee wetu wa zamu mnamjua wote. Jina lake hatutaliandika, amekataa mwenyewe, anasema jina lake siyo tangazo. Tulirudi naye kwa meli kutoka Kigoma, na wengi wenu hapa mlimkuta kambini kabla ya hapo, miaka ile ya Lugufu. Tangu chama kilipopata kiwanja, yeye ndiye analala pale, analinda kinu, depo ya mihogo na mahindi, na kwado yetu iliyo upande wa barabara. Bega lake la kulia halipandi tena. Na geti letu, au portai kama wanavyosema wale ambao hawakukimbia, ni milango miwili ya chuma, kila mmoja mita 2, na uwanja wenyewe unateremka kuelekea barabarani. Kufungua ni rahisi, unaachia tu. Kufunga ni kusukuma chuma kupanda mlima kwa bega moja, mara kumi, mara kumi na tano kwa siku, na saa zingine usiku.

Mwaka jana ilifika mahali geti halifungwi. Analiacha wazi kwa sababu gari lingine litakuja. Mifuko miwili ya mahindi ikapotea. Kwenye kikao wengine wakasema, tena kwa heshima, kwamba tumpumzishe mzee, tuweke kijana. Hakuna aliyesema vibaya. Lakini hii kazi ndiyo inamlipia mchango wake wa kila mwezi, na inamlipia wajukuu watatu masomo. Chama cha kusaidiana kikimpumzisha mtu yule, kinasaidiana na nani? Ndipo fundi wetu wa kwado akasema neno moja: "Hewa iko."

Alikuwa anasema kweli. Kompresa ile ambayo ninyi wafadhili mlitutumia ni ya kwado, kwa kazi ya mipira ya gari na ya pikipiki, na mpaka leo inafanya kazi hiyo. Tunasema wazi ili mtu asije akasema tumeigeuza. Lakini jioni jenereta ikizimwa, kila siku hewa inabaki ndani ya tangi, na mpaka asubuhi inavuja bure. Hewa ile ilishalipiwa mafuta. Swali likawa: tunaweza kuiweka akiba ifungue na kufunga geti usiku kucha, bila stima, bila batiri?

Sasa mtuvumilie kidogo kwa hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo kila kitu, na ndiyo karibu ituue.

Kwa kwado wanasema "weka kilo 2", "weka kilo 6". Maana yake ni karibu kama maneno yenyewe: kilo 6 ni hewa inayosukuma kwa uzito wa kilo 6 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Silinda ni bomba lenye pistoni ndani, kama pampu ya baiskeli, ila hapa hewa ndiyo inamsukuma mtu, siyo mtu kusukuma hewa. Pistoni yetu ina upana wa sentimita 4, basi uso wake ni sentimita za mraba 12 na nusu hivi. Ukiipa kilo 5, inasukuma kwa kilo 62. Mfuko wa saruji na zaidi. Tumeifunga kwenye mlango wa geti sentimita 25 kutoka bawaba. Sasa mlango una mita 2, mara nane ya pale tulipofunga. Ndiyo maana kule mwisho wa mlango, pale mtoto anapoweza kusimama, nguvu haizidi kilo 8. Mama yeyote hapa anaizuia kwa mkono mmoja. Tulipima na mzani wa depo. Wengine walitaka silinda kubwa ili geti liende kwa nguvu. Tulikataa. Geti lenye nguvu ya kumshinda mtu hatulitaki hapa.

Silinda ya kwanza tulitengeneza wenyewe, kwa bomba la maji la chuma. Pistoni tuliifunga ngozi iliyolowekwa mafuta, sawa na ile ya pampu ya baiskeli. Ilikuwa nzuri kwa macho. Kwa siku mbili ilifanya kazi, ya tatu ikaanza kupiga mluzi. Tulipofungua, ngozi imekatika. Bomba la maji, bandugu, kwa ndani lina mstari wa suduri kutoka juu mpaka chini, na ule mstari ni kama kisu. Tukapiga msasa juma zima, tukaacha. Mwishowe tulinunua silinda mbili kuukuu, zile za kufungua milango ya basi, kwa mtu wa vyuma chakavu. Zilikuwa kavu tu; tulibadilisha mipira yake, tukatia mafuta, zikaamka. Mtu akituuliza leo, tunamwambia asipoteze juma lake kwa bomba la maji.

Upande wa tangi, hapo ndipo tuna la kuungama.

Vijana wetu wawili, na kamati ilijua, tusiwaachie wao mzigo, walichukua pipa la mafuta la lita 200, wakaliziba kwa suduri nzuri sana, wakatia kichwa cha mpira wa gari, wakaunganisha na kompresa. Walifikiri pipa ni kubwa, basi litaweka hewa nyingi. Fundi wa kwado alikuwa ameenda Fizi. Kwenye kilo 1 pipa lilianza kulia. Kwenye kilo 2 kasoro, kitako chake kilitoka nje kwa kishindo, kikavimba kama tumbo, na pipa likaruka kutoka kwenye matofali. Kila mtu alikimbia. Kijana mmoja, na tunamshukuru, alirudi akazima kompresa, akakata mpira wa hewa kwa panga akiwa amelala chini. Halikupasuka. Tulikaa chini ya mwembe pale, hakuna anayesema kitu.

Jioni fundi aliporudi alituuliza tu: kitako cha pipa kina sentimita ngapi? Tukapima: upana 57. Tukapiga hesabu ile ile ya pistoni. Ni sentimita za mraba 2,500 na zaidi. Kwa kilo 2 ni kilo 5,000. Tani tano zinasukuma bati moja jembamba, lililoshikwa na suduri ya kijana wetu. Hesabu ile tuliyoifurahia juu ya silinda hatukuifanya juu ya pipa.

Tangu siku ile kamati ilipitisha mambo ambayo tunaomba mkutano huu uyashike. Tangi la kusude wenyewe, hapana. Chupa ya gesi, hapana. Bomba la plastiki la maji kwa kupitisha hewa, hapana, hata kama liko rahisi na hata kama jirani analo: likizeeka kwa jua linapasuka vipande vipande kama kioo, na vipande vinaruka. Tunatumia matangi ya breki za lori tu, yale yaliyotengenezwa kwa kazi ya hewa, ambayo kwenye lori hukaa na kilo 8 kila siku. Nayo tukiyanunua kuukuu tunayajaribu kwa maji kwanza: tunajaza maji mpaka hewa yote itoke, halafu tunasukuma kwa pampu ya mkono mpaka kilo 12, mara moja na nusu ya kazi yake. Kwa nini maji? Maji hayabanwi. Tangi likipasuka lina maji, linalowesha suruali. Likipasuka lina hewa, linazika mtu. Kati ya matangi matatu tuliyonunua, moja lilitoa jasho kwenye mshono. Tulilikata katikati mchana wa jua, watu wote wakiangalia, ili mtu asije akaliokota akaliuza tena.

Na jambo lingine dogo kwa mafundi walioko hapa. Kwenye lori kuukuu mtaona vile vyuma vya breki vya nyuma, viwili vimebebana kama sahani mbili. Ndani ya kimoja kuna springi iliyobanwa kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa mtu unaiweza. Usikifungue kwa sababu unatafuta silinda. Kiache.

Basi, matangi mawili yaliyobaki ni ya lita 40 kila moja, jumla 80. Tukiyajaza kilo 8 jioni, na kipunguzaji kinaachia kilo 5 kwenda kwenye silinda, kwa hesabu tunapata kufungua na kufunga mara 20 kabla hewa haijashuka chini ya kilo 5. Kwa kweli tulipata 17. Tatu zilikuwa zinatoroka kwenye maungio. Tulizitafuta kwa maji ya sabuni, mahali panapotoa povu ndipo panavuja, tukapata mawili. Sasa ni 19. Kwa usiku mmoja kiwanja chetu hakifungui zaidi ya mara tano au sita. Asubuhi hewa bado iko.

Tulidhani kazi imekwisha. Wapi! Milango yetu ilikuwa imevikwa mabati juu mpaka chini, na mnajua upepo wa ziwa saa nane mchana. Geti lilifika nusu likasimama, likaanza kurudi. Hewa ya tangi ilishindwa na hewa ya Mungu. Tulikuwa tumetengeneza tanga la mtumbwi, siyo geti. Dawa rahisi ilikuwa kuongeza nguvu, na wengine waliitaka tena. Tuliondoa mabati tukaweka nondo zilizosimama, upepo upite. Mzee alikasirika kidogo: alisema sasa watu wanamwona anapokula. Tumemwekea kipande cha bati mbele ya kibanda chake, siyo kwenye geti. Mabati yaliyotoka yameezeka choo cha kinu.

Kwa kufungua, vijana walitaka mpira chini ya ardhi: mpira mrefu uliozibwa mwisho mmoja, gari likiukanyaga hewa ya ndani inasukuma kitufe cha valvu, geti linafunguka lenyewe. Ni kitu kizuri na hakihitaji stima. Tuliweka nje na ndani. Siku ya kwanza ulifungua gari mbili, pikipiki, mbuzi hapana kwa sababu ni wepesi, na watoto wa shule zaidi ya mara tunayoweza kuhesabu. Watoto watatu wakiruka pamoja wana uzito wa kutosha! Kufika saa sita tangi lilikuwa tupu. Tena mzee akauliza swali ambalo sisi mafundi hatukulifikiri: "Sasa mwizi mwenye gari, yeye geti litamjua?" Tulitoa mpira wa nje siku hiyo hiyo. Wa ndani umebaki, kwa anayetoka. Anayeingia anapiga hodi, mzee anamwangalia, ndipo anavuta mkono wa valvu uliopo kwenye kibanda chake. Anauvuta kwa mkono wa kushoto. Na kufunga ni yeye peke yake, hakuna mpira, hakuna kitu cha kujiendesha, kwa sababu geti linapofunga ndipo linabana watu, na mtu lazima aone.

Tuseme pia kwamba mzee hakuifurahia mashine hii mwanzoni. Tulimtengenezea yeye, hatukumuuliza yeye. Alituona tunapima, tunachomelea, na kila jioni alikuwa anazidi kunyamaza. Mke wake ndiye alikuja kwetu: mzee hali vizuri, anasema watoto wanatengeneza geti lisilohitaji mtu. Tuliona haya. Tulikwenda kukaa naye, tukamwomba msamaha kama inavyotakiwa, na tangu siku hiyo hakuna bolti iliyofungwa bila yeye kujua. Swali la mwizi alilileta baada ya hapo. Kama tungemuuliza kwanza, mpira wa nje usingenunuliwa.

Kosa lingine ni hili, na linaweza kumpata yeyote. Mwendo wa geti tunaupunguza kwa kubana njia ambayo hewa inatokea, siyo ile inayoingilia; hivyo pistoni inasukuma ikiwa imeegemea hewa iliyo mbele yake, na geti linakwenda pole, sekunde 12 hivi. Vizuri. Lakini asubuhi moja tulikuwa tumemwaga hewa yote ili kusafisha, tukarudisha kilo 5 kwa haraka, na mtu akavuta mkono. Mbele ya pistoni hapakuwa na hewa ya kuegemea. Geti liliruka likapiga toroli ya mihogo, likaipindua. Kama ingekuwa ni mtu! Sasa kuna bomba la kufungia karibu na tangi, linafunguliwa polepole sana baada ya usafi, geti likiwa limefungwa kwa pini, na watu wamesimama mbali. Pini ile ile ndiyo ya siku hewa ikikosekana: unaichomoa, silinda inaachana na mlango, geti linasukumwa kwa mkono kama zamani. Kwa moto au kwa mgonjwa wa usiku hatuwezi kusubiri kompresa. Mjukuu mkubwa wa mzee anajua kuichomoa gizani, tumemjaribu.

Kila asubuhi mzee anafungua kizibo cha chini cha matangi, maji yanatoka. Wengine walishangaa maji yametoka wapi. Ni unyevu wa hewa ya ziwa, ukibanwa unageuka maji, na maji yakikaa yanakula tangi kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayeona.

Sasa pesa. Silinda mbili, matangi matatu pamoja na lile tulilokata, valvu, mipira ya hewa, nondo: jumla dola 212. Hazikutoka kwenye pesa za wafadhili. Dola 150 zilitoka kwenye faida ya kwado, na 62 ni michango ya wanachama wa karakana wenyewe. Karatasi ziko kwa mama mweka hazina. Pipa halimo, pipa tulililipa vijana na kamati, nusu kwa nusu, kwa sababu lilikuwa la mtu.

Kwa yule mama wa kanisani, hatuna jibu zuri kuliko hili: turubai liko pale na tunaliona, na dola 212 zingenunua mabati ya nyumba moja ndogo. Tulichagua kazi ya mzee. Kama mkutano unaona tulichagua vibaya, mseme leo, tuko hapa.

Kuna mfanyabiashara wa mjini aliyeona geti letu, anataka lake nyumbani, na wengine wawili wanauliza. Kamati imekubali kwa masharti: tangi lililojaribiwa kwa maji mbele ya mteja, valvu ya usalama inayojifungua yenyewe hewa ikizidi, na bei isishushwe kwa kutoa kimojawapo. Mmoja wao alileta chupa ya gesi, akasema tuitumie, atalipa vizuri. Alirudi nayo. Faida ya kazi hizi itaingia kwenye mfuko wa mabati ya nyumba, na hilo tunaomba liandikwe kwenye ripoti ya leo ili msije mkatusamehe.

Kwa wafadhili tuna ombi moja tu, siyo pesa: kipimo cha hewa kinachosema kweli. Tuna viwili, kimoja kinasema 8, kingine kinasema 7 na nusu, kwenye tangi moja. Mpaka tupate cha tatu tunaamini kile kinachosema 8.

Mafunzo kwa vijana yanaanza Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye kwado. Wasichana pia, wawili wameshajiandikisha. Kila mmoja aje na daftari, kalamu, na viatu vya kufunika vidole. Wa kwanza kufundisha atakuwa mzee wa zamu, atawaonyesha kumwaga maji ya tangi na kuchomoa pini. Msichelewe, juu saa tatu na robo anafunga geti.